Joto Halifichiki: Kutoka Kahawa ya Busia Hadi Vita vya Angani

 Leo naingia kwenye ule ubishi ambao haujaisha kwenye kikundi tangu tuanze kutunga mchezo wetu wa vita vya angani: je, meli ya anga iruhusiwe kujificha isionekane kabisa?

Kambi ya kwanza inasema ndiyo, bila kujificha mchezo hauna utamu, ni kurushiana makombora tu mpaka mmoja aishe. Kambi ya pili inasema angani hakuna kichaka, hakuna mto, hakuna usiku wa kuingilia, kwa hiyo kujificha ni uongo wa sinema. Nimesoma hoja zote. Naona wote mmesahau kwamba ubishi huu umeshachezwa kwa kweli, na maisha ya watu yakiwa rehani, kwenye mpaka ambao wengine wetu tumeupita kwa basi: Busia, na Malaba iliyoko wilaya ya Tororo. Hapo watu wamejificha, wamegunduliwa, wakatafuta njia nyingine. Historia yao inajibu swali letu vizuri kuliko sinema.

Jibu langu nalitoa mapema ili asiyekuwa na bando la kusoma mpaka mwisho asikose. Kinachomfichua mtu mara nyingi ni mahitaji yake. Mwili unaweza kuufunika. Lakini ukila, ukisafiri, ukiuza, ukipika, unaacha joto, na joto lazima liende mahali. Anayetaka kukupata hatafuti uso wako, anatafuta joto lako.

1. Angani hakuna kichaka

Tuanze na kambi ya pili, manake fizikia iko upande wao. Anga la mbali ni baridi kupita barafu yoyote unayoijua: karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Meli yenye watu haiwezi kuwa baridi hivyo, watu watakufa. Tuseme ukuta wake una nyuzi 20, kama asubuhi nzuri ya Tororo. Kwa kila mita ya mraba, ukuta huo unatoa joto zaidi ya mara milioni 100 kuliko anga lililo nyuma yake. Joto hilo linasafiri kama mwanga ambao macho yetu hayauoni, mwanga wa infraredi, ila kihisi kinauona. Mtu mmoja akikaa tu bila kazi anatoa joto la kama wati 100, sawa na balbu ya zamani. Ongeza wenzake, ongeza kompyuta, ongeza injini. Ni kama kuwasha jiko la mkaa katikati ya uwanja mtupu usiku halafu useme umejificha.

Mfano wa kweli ni Voyager 1, chombo cha Marekani kilichorushwa mwaka 1977. Redio yake ina nguvu ya wati ishirini na kitu tu. Kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa, na antena kubwa za duniani bado zinakisikia.

Lakini kambi ya kwanza nao wasikate tamaa. Voyager inasikika kwa sababu watu wanajua pa kuelekeza sikio. Anga ni kubwa, na hakuna anayeangalia kila upande kila dakika. Tarehe 15 Februari 2013, jiwe la upana wa kama mita 20 liliingia juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi, na kupasuka. Watu kama 1,500 waliumia, wengi kwa vioo vya madirisha. Hakuna darubini iliyoliona kabla, manake lilitokea upande wa jua. Halikuwa na joho la kichawi. Lilikuwa na jua mgongoni tu.

Watunzi wa michezo wenye akili walielewa kwamba kujificha lazima kuwe na bei. Star Trek ilipoonyesha meli isiyoonekana mwaka 1966, meli ile ilikuwa inakula nguvu nyingi, na ili ipige ilibidi ionekane kwanza. Kwenye EVE Online, mchezo uliotoka Iceland mwaka 2003, meli iliyojificha haiwezi kumlenga mtu, na ikikaribiana na kitu kingine ndani ya mita 2,000, kujificha kunavunjika. Kwenye Elite Dangerous ya mwaka 2014 unaweza kuziba matundu ya joto ili upotee kwenye kihisi cha adui. Sawa, umepotea. Ila joto sasa linajaa ndani, na usipofungua kwa wakati, meli yako inaanza kuungua yenyewe. Huo wa tatu ndio naupenda zaidi, manake mtu yeyote aliyewahi kuishi kwa kujificha anaujua: kadiri unavyojifungia ndivyo ndani kunavyokuwa moto.

Jambo moja zaidi kabla hatujashuka duniani. Kuna namna mbili za kutafuta. Ya kwanza ni kusikiliza kimya tu. Ya pili ni kupiga rada: unatuma wimbi, unasubiri mwangwi. Wimbi linadhoofika likienda na linadhoofika tena likirudi. Kwa hiyo yule unayemtafuta anaiona rada yako kabla wewe hujamwona yeye. Ni tochi. Askari anayemulika mtoni usiku anaona hatua chache mbele yake, lakini tochi yake inaonekana kutoka ng'ambo yote. Kumbukeni hiyo tochi, tutairudia.

2. Makaa ya mawe ya Rufiji

Kabla ya Busia, dakika moja tu tupite Tanzania, manake huko ndiko Afrika Mashariki ilishuhudia mchezo huu kwa meli kubwa za kivita. Septemba 1914, mwanzoni mwa vita vya kwanza vya dunia, meli ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar. Kisha ikapotea. Ilikuwa imeingia kwenye delta ya mto Rufiji, katikati ya mikoko, milingoti imefunikwa matawi. Baharini huioni hata ukipita karibu.

Waingereza waliipataje? Haikuwa kwa macho kwanza. Walikamata meli ya mizigo ya Kijerumani huko Lindi, wakasoma karatasi zake, wakakuta habari za makaa ya mawe yaliyopelekwa Rufiji. Meli inayojificha bado inahitaji makaa. Wakafuata makaa, na mwisho wa Oktoba 1914 wakaona milingoti. Ikachukua mpaka tarehe 11 Julai 1915 kuimaliza, na ndege juu zikiwaelekeza wapiga mizinga. Matawi yalificha chuma. Hayakuweza kuficha njaa ya injini.

3. Mstari uliochorwa, macho yakafuata

Sasa Busia. Mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita, eneo la Uganda lilifika mbali upande wa mashariki, hadi Bonde la Ufa. Mwaka 1902 Waingereza wakauhamisha mkoa ule wa mashariki na kuutia kwenye himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hivyo Wasamia wakajikuta pande mbili, Wateso pande mbili, mtu na shemeji yake pande mbili. Mto Sio upande wa Busia na mto Malaba upande wa Tororo, ambayo watu walikuwa wanachotea maji tu, ikawa mwisho wa nchi.

Lakini mstari peke yake haukumfanya mtu awe mfichaji. Tangu mwaka 1917 Kenya na Uganda zilikuwa na forodha ya pamoja, na baada ya uhuru kukawa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967. Mama aliyebeba ndizi kwenda sokoni ng'ambo alikuwa mama aliyebeba ndizi. Kujificha kunaanza siku sheria inapoanza kuangalia. Jumuiya ilipokuwa inakufa, hadi ikavunjika mwaka 1977, mpaka ukapata macho. Ndizi zile zile, njia ile ile, sasa zikawa na jina jipya: magendo.

4. Kahawa ya 1976

Hapa ndipo penye utajiri wa hadithi. Julai 1975 baridi kali ilipiga mashamba ya kahawa ya Brazil. Bei ya dunia ikapanda mwaka 1976 na ikaendelea kupanda hadi mwanzo wa 1977. Uganda ilikuwa na kahawa nyingi. Shida ni kwamba mkulima wa Uganda alilazimika kuiuzia bodi ya serikali, iliyolipa bei ndogo kwa shilingi iliyokuwa inapoteza thamani kila siku. Tangu Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, maduka yalikuwa matupu: sabuni shida, chumvi shida, sukari shida. Ng'ambo ya mto kulikuwa na shilingi ya Kenya, na duka lenye sabuni.

Basi kahawa ikatembea. Ilitembea kwa kichwa, kwa baiskeli, kwa punda kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kwa mtumbwi ziwani. Kijiji kidogo cha Chepkube upande wa Bungoma kikawa soko lililojulikana Kenya nzima. Mpaka leo ukimwuliza mzee wa Bungoma kuhusu Chepkube, atacheka kwanza kabla hajaongea.

Amin naye alijenga vihisi vyake. Mwaka 1975 aliweka mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, na magendo yakawa kosa la kuweza kukuua. Aliunda kikosi cha kupambana na magendo, na Mwingereza Bob Astles akawa kiongozi wake, boti zikizunguka Ziwa Victoria. Boti ya injini ni rada ile niliyosema, ni tochi: unaisikia mbali kabla haijakuona. Mwenye mtumbwi wa kasia anazima pumzi, anasubiri ipite.

Je, waliokamatwa walikamatwaje? Fikiria kama mchezaji. Kahawa gizani haionekani. Lakini gunia lina harufu. Baiskeli yenye mzigo wa kilo 60 inaacha alama kwenye tope tofauti na baiskeli tupu. Halafu kuna lile joto kubwa kuliko yote: pesa. Mtu ambaye jana hakuwa na kitu, leo ana redio, ana mabati mapya, watoto wake wananuka sabuni. Jirani hahitaji darubini. Na jirani akikorofishana naye kuhusu mpaka wa shamba, basi.

Kuna upande mwingine wa hadithi hii. Kihisi kikubwa cha Amin kilikuwa askari, na askari ana njaa pia. Maofisa wenyewe waliingia kwenye kahawa. Wale matajiri wapya wa Uganda walipewa jina la mafuta mingi. Kwa hiyo mwenye lori la ofisa alipita barabarani mchana, na aliyebeba debe moja kichwani ndiye aliyepigwa risasi mtoni. Kihisi hakikuharibika. Kilikuwa kinaona vizuri sana, ila kilikuwa kimeamua nani wa kumwona. Mtunzi wa mchezo anayedhani kihisi ni mashine isiyo na mwenyewe, asome habari za mwaka 1976.

5. Kupita mbele ya macho

Njia za panya ni njia moja tu ya kujificha, na si ile iliyodumu zaidi. Iliyodumu ni kupita katikati ya barabara mchana.

Angalia bodaboda. Simulizi inayokubalika sana ni kwamba neno lenyewe lilizaliwa hapa hapa mpakani, pale baiskeli zilipokuwa zinabeba abiria kutoka kizuizi cha nchi moja hadi kizuizi cha nchi nyingine, boda mpaka boda. Baiskeli moja ikivuka inatazamwa. Baiskeli mia zikivuka asubuhi moja, kila moja inapotea ndani ya nyingine. Hiyo ni namna ya kujificha ambayo fizikia ya angani haiwezi kuipinga: hutoi joto kidogo, unatoa joto lile lile kama la kila mtu.

Mfano mkubwa zaidi ni wenzetu wenye ulemavu wa Busia na zile baiskeli zao za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Kwa miaka mingi walikuwa wabebaji wa bidhaa kati ya Busia mbili, sanduku la mzigo limefungwa kwenye baiskeli, na watafiti wameliandika hilo. Maafisa waliwapitisha bila kuwapekua sana. Wengine kwa huruma, wengine kwa aibu, wengine kwa kuona kwamba mzigo ni mdogo. Mtaani watu walizoea kuwapita bila kuwatazama machoni. Wao wakakigeuza kile kidonda kuwa njia ya kulisha watoto na kuwasomesha. Walikuwa wanaonekana na kila mtu, lakini hakuna aliyewatilia maanani.

Nasema hivi kwa heshima, manake wengi wetu tunaijua hali hiyo. Kuna siku mtu anakupita kama nguzo ya stima, na siku hiyo hiyo polisi anakuona wewe tu katika abiria 60 wa basi.

6. Mpaka unapata vihisi vipya

Miaka ya karibuni macho yamebadilika. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo: kontena linafungwa lakiri ya kielektroniki, na lakiri inatuma mahali lilipo njia nzima. Dereva akichepuka au akifungua, ofisi inajua. Pale mpakani kuna skana za mionzi ya eksi zinazoona ndani ya lori bila kulifungua. Februari 2018 marais Museveni na Kenyatta walizindua kituo cha pamoja cha Busia, ambapo unakaguliwa na nchi mbili kwa kusimama mara moja tu.

Mionzi hiyo ya eksi ina ndugu angani, tena mwenye jina letu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutazama nyota kwa mionzi ya eksi tu. Vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kuwaaminisha wanasayansi kwamba kuna shimo jeusi pale, kitu kisichotoa mwanga wowote. Lilifichuliwaje? Kwa kile linachokula. Gesi inayovutwa kuingia shimoni inapata moto mkali na kutoa mionzi. Hata shimo jeusi, bingwa wa kujificha, linaonekana wakati wa chakula. Ni yale yale ya makaa ya Rufiji na sabuni ya Chepkube.

Halafu ukaja mwaka 2020 na korona, na kihisi kikawa joto lenyewe, joto la mwili. Kipimajoto kinaelekezwa kwenye paji la uso, kinasoma infraredi ya ngozi yako, kama kihisi cha meli ya anga kabisa. Lakini mtu anaweza kubeba virusi bila homa. Kwa hiyo madereva wa malori wakapimwa kwa maabara, na foleni za Malaba na Busia zikafika kilomita nyingi, watu wakilala chini ya malori. Kihisi kinajibu swali kilichoulizwa tu. Ukiuliza joto, kitakwambia joto. Hakitakwambia ugonjwa.

Katika haya yote, kitu kilichopunguza magendo madogo bila kumulika mtu tochi ni karatasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo wa bidhaa za Jumuiya usiozidi thamani ya dola 2,000 unapewa cheti rahisi cha asili, na hulipi ushuru wa forodha. Mama wa nyanya akiujua utaratibu huo, kupita mlango mkuu kunakuwa rahisi kuliko kumlipa mvushaji wa usiku. Tatizo ni kwamba wengi hawajaambiwa. Mtu asiyejua haki yake anajificha bure, na anailipa bei ya kujificha kwa kosa ambalo hana.

7. Mulanda, na macho yanayohesabu

Sasa inatugusa sisi. Matokeo ya uchaguzi wa Kenya yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, vurugu zikalipuka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya laki sita wakakimbia makwao. Maelfu walivuka Busia na Malaba. Safari hii wakimbizi walikuwa Wakenya, na mwenyeji alikuwa Uganda. Wengi wakapelekwa kituo cha Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye Kiryandongo, mbali kabisa na mpaka.

Kwa nini mbali? Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi unasema nchi inayopokea iwaweke, inapowezekana, umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi walikotoka, kwa ajili ya usalama. Soma kama mchezaji: ni umbali unaotumika kama ngao, ili anayekuwinda asikufikie. Lakini kuna waliobaki mjini kwa ndugu na marafiki, bila jina kwenye orodha yoyote. Hao adui hakuwaona. Mgawo wa chakula pia haukuwaona.

Hapo ndipo penye uzito wa makala hii. Wachezaji wetu mmezoea kukiita kihisi sensa, kwa kufuata Kiingereza. Kwa Kiswahili sensa ni kuhesabu watu. Sijui kama mmegundua jinsi maneno hayo mawili yalivyo jirani kwa mkimbizi. Mwaka 2018 serikali ya Uganda na UNHCR walihakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole na mboni za macho. Kabla yake orodha ilisema zaidi ya milioni 1.4. Baada yake ikabaki takriban milioni 1.1. Uhakiki ule ulikuja baada ya kelele za majina hewa, na kusema kweli ulihitajika, manake jina hewa linakula chakula cha mtu mwenye mwili.

Lakini upande wa Kenya tazama Garissa. Miaka ya njaa, maelfu ya Wakenya wenye asili ya Kisomali walijiandikisha kama wakimbizi kule Dadaab ili wapate chakula, wengine wakiwa watoto waliobebwa na wazazi. Walipofika umri wa kitambulisho, mashine ikasema: alama hizi ni za mkimbizi. Wakakaa miaka bila kitambulisho katika nchi yao wenyewe, bila kazi ya ofisi, bila akaunti ya benki. Mashine haikukosea vidole. Ilikosa kuuliza kwa nini mtoto yule alikuwa kwenye foleni. Njaa ya mwaka mmoja iliacha joto ambalo halikupoa.

Kwa hiyo kijana akiniuliza "nijiandikishe au nikae kimya mjini?" siwezi kumjibu kwa mdomo mmoja. Ukionekana, unapata ulinzi wa sheria, karatasi, shule, hospitali. Pia unaingia kwenye faili ambalo hukushika ufunguo wake. Usipoonekana, hakuna faili. Ila siku ukiugua, au ukikamatwa, unakuwa kama meli iliyoziba matundu: joto lote limebaki ndani, na hakuna anayejua kwamba unaungua. Mimi nimeona wengi wakiungua hivyo kuliko walioumizwa na faili. Ndiyo maana nasema jiandikishe, lakini uliza maswali: taarifa hizi zinakaa wapi, nani mwingine anaziona, nikitaka zisahihishwe naenda kwa nani? Una haki ya kuuliza.

Na nyie watu wa mashirika, nawaomba kwa heshima: nyinyi ndio mmeshika tochi. Tochi inawaonyesha na wenyewe. Mkimulika foleni bila kueleza kwa nini, watu wanaona mwanga wenu kutoka mbali na wanaanza kutafuta njia za panya. Mkieleza kabla ya kumulika, wengi watakuja wenyewe mlango mkuu, kama yule mama wa nyanya mwenye cheti chake.

8. Sheria nne za mchezo wetu

Basi turudi kwenye mchezo, manake wachoraji wanasubiri uamuzi. Napendekeza hivi:

Kwanza, kujificha kuwepo, ila kila zamu unayojificha joto linaongezeka kwenye kadi yako. Likijaa, uchague kufungua au kuungua.

Pili, anayepiga rada aonekane na wote mezani kabla yeye hajaona kitu. Anayesikiliza kimya aone kidogo, lakini abaki salama.

Tatu, mafuta na chakula viache alama. Mchezaji aruhusiwe kufuata alama hizo hata kama meli yenyewe haioni, kama Waingereza walivyofuata makaa.

Nne, meli ya kawaida ya biashara isigundulike kwa joto, manake joto lake ni la kila mtu. Anayetaka kuikamata lazima aisimamishe, na akisimamisha isiyo na hatia apoteze alama. Bila adhabu hiyo, mwenye kihisi atawasimamisha wote, na mchezo utakuwa kama barabara fulani tunazozijua.

Kuna sheria ya tano sijaweza kuiandika: ile ya askari anayeona vizuri lakini amechagua nani wa kumwona. Nimejaribu kuiweka kwa kete, haikai vizuri. Mwenye wazo aliweke hapa chini. Wazee wenye kumbukumbu za Chepkube, au mtu yeyote ambaye bibi yake alivuka mto Sio na debe kichwani, tusimulieni pia, bila majina. Tutazitumia hadithi hizo kutengeneza kadi za mchezo.